Gofu ya Serengeti: tuhesabu vitanda kabla ya mashimo

Tangu TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ianze mradi wa uwanja wa gofu wa mashimo 18 Fort Ikoma, Serengeti, mazungumzo hapa Dar es Salaam yamegawanyika mara mbili. Kundi la kwanza linasema gofu ni mchezo wa wenye fedha, na wenye fedha hao tayari wanakuja kuangalia nyumbu, kwa hiyo watacheza na kulipa. Kundi la pili linasema Watanzania wanaocheza gofu ni wachache, na hao wachache wanatosheka na viwanja vya hapa mjini, Gymkhana na Lugalo, sasa nani atasafiri mpaka porini kupiga mpira? Makundi yote mawili yanahesabu wachezaji, na hapo ndipo mjadala unapopotea. Uwanja ulio mbali na mji hauishi kwa ada ya mchezaji. Unaishi kwa usiku ambao mgeni asingelala kama uwanja usingekuwepo, na unakufa kwa deni lililoujenga au kwa maji ya kuumwagilia. Uwanja wa mbali unaweza kujilipa, na vipo vilivyojilipa kwa zaidi ya miaka 20. Lakini masharti yaliyoviwezesha ni machache na makali, na uwanja mmoja wa mashimo 18 unaosimama peke yake pembeni ya hifadhi hauyatimizi, labda upewe kazi ndogo kuliko ile inayotangazwa.

Tuanze na waliofanikiwa. Mwaka 1999 Mike Keiser, aliyepata utajiri wake kwenye biashara ya kadi za salamu, alifungua Bandon Dunes katika pwani ya Oregon, Marekani, mahali ambapo mtu anayetoka Portland huendesha gari zaidi ya saa nne. Mji wa Bandon ni wa watu elfu chache. Ardhi ilikuwa matuta ya mchanga kando ya bahari yenye upepo mkali na magugu ya miiba. Uwanja wa pili, Pacific Dunes, ulifunguliwa 2001, miaka miwili tu baadaye. Bandon Trails ukafuata 2005, Old Macdonald 2010, Sheep Ranch 2020. Mchezaji anatembea kwa miguu na kedi wake, yaani mbeba fimbo, hakuna vigari. Huko Tasmania, mkulima wa viazi Richard Sattler alikuwa na matuta ya mchanga yasiyofaa kwa viazi, na mwaka 2004 matuta hayo yakawa Barnbougle Dunes. Uwanja wa pili, Lost Farm, ulifunguliwa 2010. Kule Inverness, Nova Scotia, mji uliobaki bila kazi baada ya migodi ya makaa ya mawe kufungwa, Cabot Links ulikamilika 2012 na Cabot Cliffs ukafuata miaka michache baadaye.

Ukiviweka viwanja hivi pamoja unaona mambo manne yanayojirudia, na hakuna hata moja linalohusu umaarufu wa gofu kwa wenyeji. Vyote viko juu ya mchanga, kwa hiyo maji ya mvua yanazama yenyewe, udongo wa kuhamisha ni kidogo, na uwanja unachezeka siku mvua inapokatika. Vilijengwa kwa fedha yenye subira: Keiser alitumia yake mwenyewe, Cabot ilisaidiwa na mikopo ya serikali. Kila kimoja kiliongeza uwanja wa pili mapema, kwa sababu mtu aliyesafiri siku nzima hataki kucheza uwanja uleule siku tatu mfululizo. Viwanja viwili vinamlaza mgeni usiku mmoja au miwili zaidi ya kimoja. Jambo la nne ndilo linalosahaulika zaidi: mwenye uwanja ndiye mwenye vitanda, mgahawa na duka, kwa hiyo hasara ya majani inafidiwa na faida ya malazi ndani ya mfuko mmoja. Na hata kwa mafanikio hayo, umbali uliendelea kuuma. Mwaka 2019 Nova Scotia kulizuka mvutano mkubwa juu ya ombi la kutumia fedha za umma kujenga kiwanja cha ndege karibu na Cabot.

Sasa walioanguka. Doonbeg, magharibi mwa Ireland, ulifunguliwa 2002 juu ya matuta mazuri ya mchanga, na jina la Greg Norman likiwa kwenye usanifu. Sehemu ya matuta haikuguswa kwa sababu palikuwa na konokono mdogo anayelindwa kisheria, na mpangilio wa mashimo ukabanwa. Kufikia 2014 hoteli na uwanja vilikuwa mikononi mwa mfilisi, na Donald Trump akavinunua. Marekani, kuanzia 2006 na kwa zaidi ya muongo mmoja, viwanja vilivyofungwa kila mwaka vilikuwa vingi kuliko vilivyofunguliwa. Vingi kati ya hivyo vilijengwa ili kuuza nyumba, nyumba zikiisha hakuna anayetaka kulipia majani. Japani, vilabu vilijengwa kwa amana za wanachama zilizoahidiwa kurudishwa, bei za uanachama zikaporomoka miaka ya 1990, amana zikadaiwa zote kwa pamoja, na makampuni ya fedha ya Marekani yakaokota mamia ya viwanja kwa bei ya chini. Wachezaji walikuwepo katika kila nchi niliyoitaja. Kilichoua ni jinsi ujenzi ulivyogharamiwa, na ndiyo maana katika biashara hii mara nyingi anayepata faida ni yule anayenunua kutoka kwa aliyefilisika, kwa kuwa hana deni la ujenzi.

Chukua mfano wa hesabu, kwa tarakimu za kukadiria. Tuseme kujenga uwanja wa mashimo 18 pamoja na mfumo wa maji na mashine kunagharimu dola milioni 6, na zote ni mkopo wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 9. Marejesho ya kila mwaka ni takriban dola 744,000. Kutunza majani, mishahara, mafuta, mbolea na vipuri tuseme ni dola 500,000 kwa mwaka. Jumla ni dola 1,244,000. Kila mchezaji akiacha dola 80 safi baada ya kodi na kamisheni ya wakala, unahitaji raundi 15,550 kwa mwaka, yaani wachezaji 43 kila siku, Jumatatu mpaka Jumapili, masika na kiangazi. Futa deni, unahitaji raundi 6,250, yaani 17 kwa siku. Tofauti ya 43 na 17 ndiyo tofauti ya Doonbeg na Bandon, na haina uhusiano na uzuri wa mandhari. Kama uwanja wetu utapata wachezaji 12 kwa siku na una deni, kila mmoja lazima aache dola 284 safi. Zipo sehemu duniani zinazotoza kiasi hicho na zaidi, ila ni zile ambazo mtu amefunga safari kwa ajili yake.

Wanaounga mkono watasema TANAPA hailipi riba, ni fedha za umma, kwa hiyo tuko kwenye hesabu ya 17. Hoja hii ina nguvu, na ningependa ichukuliwe kwa uzito. Lakini inaacha swali la vitanda. Sema wachezaji 10 kwa siku wanalipa dola 80 kila mmoja, hiyo ni dola 292,000 kwa mwaka. Kama wote wamelala usiku mmoja wa ziada kwa ajili ya gofu, na kila mmoja akalipa tena kiingilio cha hifadhi cha dola 70 (kabla ya VAT) kinachotozwa mtu mzima asiye mkazi msimu wa wageni wengi, kuna dola 255,500 nyingine. Jumla 547,500, na majani yamelipiwa. Lakini nusu yao wangelala hata bila gofu, kwa sababu safari yao ilikwishapangwa hivyo. Ondoa nusu ya viingilio na unabaki na takriban dola 420,000 dhidi ya gharama ya 500,000. Wakati huohuo kila usiku wa ziada unaiachia loji, baada ya chakula na wafanyakazi, pengine dola 150 au zaidi, na fedha hizo zinakwenda kwa mwenye loji. Anayekata majani ni mmoja, anayeuza kitanda ni mwingine. Huu ndio udhaifu mkubwa wa mradi, na hautibiwi kwa matangazo. Unatibiwa kwa mkataba: ama mwendeshaji wa uwanja apewe na vitanda, ama loji za ukanda wa Ikoma zichangie kiasi maalumu kwa kila kitanda kinacholaliwa ili wageni wao wacheze bila kutozwa ada.

Kuna njia ya tatu ya kulipia majani ambayo Afrika Mashariki tunaifahamu vizuri. Kili Golf, karibu na Usa River, na Vipingo Ridge huko Kilifi, Kenya, vyote vimejengwa ndani ya miradi ya makazi. Mnunuzi wa kiwanja au nyumba analipia mandhari na usalama, na uwanja unabebwa na ardhi iliyopanda thamani. Ni mfumo unaofanya kazi ilimradi kuna viwanja vya kuuza na ada ya huduma inalipwa baada ya kuuza. Kwenye ardhi ya hifadhi hakuna cha kuuza. Anayeitaja Kilifi kama ushahidi kwamba Serengeti italipa analinganisha biashara mbili tofauti.

Tuje kwenye udongo, maana hapo ndipo bajeti nyingi huvuja mapema. Griini moja, lile zulia la majani mafupi lenye shimo na bendera, ina wastani wa meta za mraba 500 hadi 600. Griini 18 na ya mazoezi zinakaribia hekta moja au zaidi kidogo. Ujenzi unaokubalika kimataifa unataka sentimeta 30 za mchanga maalumu juu ya sentimeta 10 za kokoto, na chini yake mabomba ya kutolea maji kila baada ya meta tano hivi. Hiyo ni zaidi ya meta za ujazo 3,000 za mchanga na 1,000 za kokoto, karibu safari 270 za tipa la meta za ujazo 15. Pwani, mchanga uko chini ya miguu yako. Bara, kwenye mfinyanzi, kila tipa ni dizeli na kilometa. Na mchanga wenyewe si wowote tu: chembe nyingi ziwe kati ya robo milimita na milimita moja. Mchanga wa mtoni ambao haujaoshwa una tope laini linaloziba nafasi kati ya chembe. Miezi sita ya kwanza griini inapendeza. Mwaka wa pili maji yanatuama baada ya mvua, hewa inakosekana, kunatokea tabaka jeusi lenye harufu ya yai bovu sentimeta chache chini, mizizi inakuwa mifupi na majani yanakufa kwa mabaka. Dawa yake ni kubomoa na kujenga upya. Kupeleka sampuli maabara kabla ya kununua mchanga kunagharimu kidogo sana kuliko griini moja iliyooza.

Maji ndiyo yatakayoamua. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni lita 10,000. Uwanja wa mashimo 18 unaomwagilia griini, sehemu za kuanzia, njia za kuchezea na kingo zake unaweza kuwa na hekta 25 za kumwagilia. Kiangazi, majani yanahitaji takriban milimita 4 kwa siku, kwa hiyo lita milioni moja kila siku. Kwa siku 150 kati ya Juni na Oktoba ni meta za ujazo 150,000. Ukitaka kuzihifadhi kwenye lambo la hekta 5 unahitaji kina cha meta 3, na jua la kipindi hicho litakausha karibu meta moja kabla hujamwagilia, kwa hiyo lambo lazima liwe kubwa zaidi. Kusukuma maji hayo kwa shinikizo la kuendesha vinyunyizio kunakula karibu uniti 290 za umeme kwa siku, bila kuhesabu kuyatoa kisimani. Maji ya ardhini ya ukanda wa kaskazini mahali pengi yana floraidi na chumvi. Floraidi haina shida kubwa kwa majani, lakini maji yenye sodiamu nyingi yanavunja mfinyanzi na kuufanya uso wa ardhi uwe kama saruji. Na wakati huo wa kiangazi, wanyama nao wanatafuta maji. Anayesema suala la maji limetatuliwa aonyeshe vipimo vya kisima kwa saa 72 za kusukuma mfululizo, vilivyofanyika Septemba na si Aprili.

Lakini hesabu hiyohiyo ya maji inaonyesha njia ya kutokea. Ukoka, majani yanayoota wenyewe kwenye njia na malisho ya nchi hii, ni jamaa mmoja na majani ya bermuda yanayotumika kwenye viwanja vya kitropiki duniani. Kiangazi unageuka rangi ya mkate, hauoti, lakini haufi, na mpira unadunda na kukimbia vizuri juu yake. Uwanja wa mashimo 9 unaomwagilia griini na sehemu za kuanzia tu, na kuacha ukoka wa njiani ulale kiangazi, una hekta moja ya kumwagilia. Kwa milimita 5 kwa siku ni meta za ujazo 50. Kisima kimoja cha meta za ujazo 5 kwa saa kinatosha kwa saa 10. Kutoka meta za ujazo 1,000 kwa siku mpaka 50. Wapo watakaosema mgeni wa kulipa dola hatakubali uwanja wa kahawia. Wachezaji wanaosafiri mbali kwenda Bandon na Barnbougle wanakwenda kucheza juu ya ardhi ngumu yenye upepo, mara nyingi yenye rangi ya nyasi kavu. Na vilabu vingi vya zamani vya Afrika Mashariki vilicheza kwa miongo kwenye brauni, griini za mchanga uliochanganywa na oili chakavu. Siwashauri warudi kwenye oili, ina madhara yake kwa udongo, ila kijani cha mwaka mzima si sharti la gofu.

Mashine nazo zina hesabu yake. Griini inakatwa kila siku kwa urefu wa milimita 3 hadi 4, na mashine inayokata hivyo ina silinda yenye visu inayopita karibu kabisa na kisu kilichosimama chini yake. Jiwe moja dogo linatosha kukwaruza vyote viwili. Kisu kikiwa butu, majani hayakatwi, yanachanwa, ncha zinageuka nyeupe na ugonjwa wa ukungu unaingilia hapo. Vipuri vinaagizwa nje. Mashine ya griini ikilala siku nne wakati wa mvua, majani yanapanda, na siku inaporudi kazini ikikata kwa urefu uleule inabakisha vishina vitupu vya njano kwa wiki mbili. Kwa hiyo uwanja wa mbali unahitaji mashine ya pili ya griini hata kama moja ingetosha, jiwe la kunolea palepale, fundi anayelala palepale, na stoo ya vipuri vya miezi sita. Mjini unaazima kwa jirani. Fort Ikoma hakuna jirani wa kumwazima.

Halafu wanyama. Kiangazi, hekta chache za majani mabichi katikati ya nyika iliyokauka ni mwaliko. Ngiri wanapiga magoti na kuchimba mizizi, nyati wanaacha nyayo za kina cha sentimeta 10 kwenye griini yenye unyevu, na tembo anayesikia maji ndani ya bomba anaweza kulifukua. Nyumbu wa msafara hupita ukanda wa magharibi karibu Mei hadi Julai, na hakuna anayetaka uzio wa umeme kwenye njia yao. Wasiwasi wa wahifadhi hapa ni wa kweli, na ndio hoja nzito kuliko zote za wanaopinga. Ila kuna mahali pa kujifunza. Skukuza, ndani ya Hifadhi ya Kruger nchini Afrika Kusini, kuna uwanja wa mashimo 9 uliojengwa 1972 kwa ajili ya wafanyakazi wa hifadhi. Hauna uzio. Kiboko wako kwenye bwawa, swala wanalala njiani, mchezaji anasaini fomu ya kukubali hatari, na ana sehemu mbili za kuanzia kwa kila shimo ili mashimo 9 yachezwe mara mbili kama 18. Umedumu zaidi ya miaka 50 kwa sababu haukujengwa kuwa kivutio cha dunia. Ulijengwa mdogo, kwa watu waliokuwepo, wageni wakafuata.

Sasa zile hoja nyepesi. "Watanzania hawachezi gofu" ni hoja dhaifu kwa sababu hakuna uwanja wa mbali uliofanikiwa kwa kutegemea wenyeji. Inverness na Bandon visingejaza hata asubuhi moja ya Jumamosi. Wenyeji wana umuhimu mwingine: ndio makedi, mafundi na wakata majani, na bila vijana wa vijiji jirani vya Robanda na Natta waliofundishwa kwa miaka miwili kabla ya ufunguzi, uwanja utaendeshwa na wageni wenye mishahara ya wageni. Upande wa pili, "gofu ni soko la mabilioni ya dola" nayo ni hoja dhaifu, na ndiyo inayoweza kutuingiza hasara. Soko kubwa halimaanishi kwamba linakuja kwako. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 2, na tuseme hata mmoja kati ya kumi anacheza gofu kwao. Bado hakuja kwa gofu. Anayechagua nchi kwa ajili ya gofu anatafuta viwanja vitano au sita ndani ya mwendo wa saa moja, kama Mauritius au Marrakech wanavyompa. Uwanja mmoja haumtoi mtu Ulaya.

Na hata mtalii wa safari anayependa gofu ana vikwazo viwili ambavyo sijasikia vikijadiliwa. Cha kwanza ni mzigo. Ndege ndogo zinazotua viwanja vya hifadhini kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria, kwenye mkoba laini. Mfuko wa gofu peke yake una kilo 12 hadi 15, ni mrefu zaidi ya meta moja na haukunjiki. Kwa hiyo hatakuja na fimbo zake. Uwanja lazima uwe na seti za kukodisha zisizopungua 30, za wanaume na wanawake, za mkono wa kulia na wa kushoto, na viatu vya namba zote, na mipira mingi kuliko unavyodhani, kwa sababu anayecheza kwa fimbo ngeni anapoteza mipira na hakuna atakayeruhusiwa kuingia vichakani kuitafuta. Cha pili ni saa. Siku ya safari imejaa: gari linatoka saa 12 asubuhi, linarudi saa 5, linatoka tena saa 10 jioni. Mashimo 18 yanachukua saa nne na nusu, kwa hiyo yanamlazimisha mgeni aliyelipa mamia ya dola kuona simba aache simba. Mashimo 9 yanachukua saa mbili. Yanaingia kati ya mapumziko ya mchana na machweo, au asubuhi ya siku ya kuondoka kabla ndege haijafika. Hii ndiyo kazi ndogo niliyoitaja mwanzo: kumpa mgeni ambaye yupo tayari sababu ya kulala mara moja zaidi, na kumpa mwenzake asiyependa kuamka alfajiri siku ya tatu kitu cha kufanya.

Kama nchi inataka uwanja ambao mtu atafunga safari kwa ajili yake, basi tutazame mashariki. Zanzibar mgeni anakaa ufukweni wiki nzima, ana nafasi, ndege kubwa zinatua moja kwa moja na mfuko wake wa gofu umo ndani. Sea Cliff tayari wana mashimo 9 kule Mangapwani. Ukanda wa pwani upande wa bara una mchanga na upepo wa bahari, na paspalum, majani yanayostahimili maji ya chumvi, yanaondoa sehemu kubwa ya tatizo la maji. Treni ya SGR imeifanya Morogoro iwe mwendo wa saa mbili kutoka Dar es Salaam tangu 2024, na umbali kwa mchezaji hupimwa kwa saa, si kwa kilometa. Viwanja viwili au vitatu vya namna hii, vikiunganishwa kwenye tiketi moja na Gymkhana na Lugalo, vina nafasi ya kumfanya mtu wa Johannesburg au Dubai aje siku tano kwa gofu tupu. Serengeti ikawa nyongeza ya safari hiyo.

Ushauri wangu kuhusu Fort Ikoma, kwa hiyo, ni huu. Mashimo 9 ya kwanza yafunguliwe na yaendeshwe misimu miwili kamili ya kiangazi kabla ya 9 ya pili kupandwa majani, hata kama ardhi yake imeshachongwa. Ardhi iliyochongwa inaweza kupandwa ukoka na kusubiri bila hasara kubwa. Mkataba wa mwendeshaji uwe na loji ndani yake au mchango wa kila kitanda. Itengwe akiba kila mwaka ya kubadilisha mashine baada ya miaka 8 hivi na vinyunyizio baada ya 20, ikae kwenye akaunti ambayo haichukuliwi kuziba pengo lingine. Mashindano makubwa ya kulipwa yasubiri, kwa sababu mwandaaji anataka uwanja wa mashimo 18 uliokomaa, malazi ya mamia ya watu na ada ya kuandaa inayolipwa mapema, na wiki moja ya kamera haijazi vitanda vya Novemba. Na kila mwaka TANAPA itangaze tarakimu tatu: raundi zilizochezwa na waliolipa, usiku ambao wageni waliongeza kwa sababu ya gofu kwa mujibu wa loji zenyewe, na meta za ujazo za maji zilizotumika kila mwezi. Chama cha Gofu Tanzania kina watu wanaoweza kuzisoma tarakimu hizo na kusema mapema kama majani yanakula kuliko yanavyoingiza, wakati bado kuna mashimo 9 tu ya kuokoa.